Waliokuja Kumlilia Aminieli

Kila mtu kule Masama alijua kwamba Eliaichi ni mwanamke wa shoka, na matatizo yake yote yalianzia hapo. Sifa ya namna hiyo ukishapewa kijijini huwezi kuirudisha. Watu wanaacha kukuuliza umeamkaje, wanakuuliza tu kama Jumamosi utakuja kushika mwiko kwenye arusi ya fulani. Nawe unasema utakuja, kwa kuwa hujawahi kusema vingine, na mdomo ukishazoea jibu moja hauna habari na mgongo.

Mgongo wa Eliaichi ulikuwa umechoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Ulikuwa uchovu uliohamia kwake na vyombo vyake vyote. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika tangu mume wake, Aminieli, apigwe na kiharusi. Aminieli alikuwa mtu wa mlima. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima aliumaliza akiwapandisha wageni Kilimanjaro, kwanza mpagazi, baadaye kiongozi mwenye wapagazi chini yake, mrefu, mwenye mabega ya kumbeba mtu mzima akamshusha. Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, maneno yalimtoka vipande vipande, na yale mabega yalikuwa mzigo wa mke wake kila asubuhi.

Kama ingekuwa ni kubeba tu, angeita watu wa kumsaidia. Lakini kulikuwa na ahadi.

Wiki ile ya kwanza aliporudishwa kutoka hospitali ya mjini, wazee wa kanisa na wanakwaya walikuja kumwona. Wakajaa sebuleni, wakaimba, wakaomba, na katikati ya maombi Aminieli akajikojolea. Waliendelea kufumba macho, hata wale waliokuwa wameshayafumbua. Walipoondoka, Aminieli alimshika mkewe kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, akahangaika na ulimi mpaka neno likatoka: "Wasinione."

"Hawatakuona," Eliaichi akasema.

Na hawakumwona. Tangu siku hiyo wageni waliishia barazani. Walipewa viti vyenye vitambaa, walipewa chai ya maziwa, wakaambiwa mgonjwa amelala. Jumuiya ikija kusali ilisali hapo hapo nje, ikielekeza nyimbo zake kwenye dirisha lililofungwa. Mwaka wa kwanza Aminieli alikuwa amelala, na mwaka wa pili akaendelea kulala. Hata mtoto mchanga halali hivyo. Watu walielewa kama watu wanavyoelewa, yaani walinyamaza mbele ya Eliaichi na kuongea wakiwa njiani.

Aliyeumia zaidi na mlango ule ni Victoria, jirani wa ng'ambo ya mfereji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji kizima. Victoria alipomzika mwanawe wa kwanza, Eliaichi ndiye aliyelala naye sakafuni siku zote za matanga, akamwogesha kwa mikono yake, akamlisha kijiko kwa kijiko. Sasa Victoria alitaka kulipa fadhila. Alikuwa akipika mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama wanaopewa wagonjwa na wazazi, anauleta mpaka getini bado unafuka moshi.

"Tumeshakula, jirani. Mungu akubariki," Eliaichi alikuwa akimwambia, getini hapo hapo.

Mara ya mwisho Victoria aligeuka na sufuria lake, na Eliaichi akauona mgongo ule mpana ukipotea kati ya migomba, akajua amemuumiza. Lakini afanyeje? Victoria akiingia ndani, kesho yake kijiji kizima kingejua Aminieli anavaa pampasi za namna gani.

Basi akajikaza. Aliamka kabla ya kengele ya alfajiri, akapiga magoti kando ya kitanda, akasali. Aliwaombea wote: Hellen, binti yake aliyekuwa akifanya kazi Dodoma, wajane, mchungaji, mtoto wa fulani anayekunywa. Kwa ajili yake mwenyewe aliomba kitu kimoja tu, nguvu. Hakuwahi kuomba msaada. Kwake hayo yalikuwa maombi mawili tofauti, na la pili aliliona la watu wavivu. Akitoka hapo ni maji ya moto, kumwosha mgonjwa, kumgeuza, kumlisha, kumkatia ng'ombe majani, kukamua, kupalilia kahawa, halafu jioni kwenye jumuiya kuwashika mkono wenye shida. Hellen alipompigia simu kumwambia atamtafutia msichana wa kazi, alikataa. Msichana wa kazi ana macho, na ana mdomo.

Masika yalipoanza, maumivu yakatokea kiunoni, yakashuka mguuni, yakakaa. Alijifunga kanga kwa nguvu tumboni na hakumwambia mtu, wala Aminieli.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya mvua nyepesi. Eliaichi alisimama mbele ya kitanda kumtoa mumewe kumweka kwenye kiti, kwa namna aliyofundishwa na Aminieli mwenyewe: goti lake kati ya magoti ya mgonjwa, mkono mzima wa mgonjwa shingoni kwake, unyanyue kwa mapaja na mgongo uuache upumzike. Ndivyo walivyowabeba mlimani wageni waliozidiwa. Alinyanyua. Katikati ya kunyanyua, kitu kikakatika kiunoni, mguu wake ukawa haupo, na wote wawili wakaenda chini.

Aminieli aliangukia ubavu, mguu uliokufa umekunjwa chini yake. Eliaichi alianguka kifudifudi kando yake. Alijaribu kuinuka akapiga kelele, akajaribu tena, akaacha. Aliweza kusogeza mikono. Simu ilikuwa jikoni kwenye chaji, mlango wa mbele una komeo, na jikoni kwenyewe angefika kama angekuwa nyoka.

"Pole," Aminieli akasema.

"Nyamaza, nakusanya nguvu."

Alizikusanya. Alifumba macho akaomba kama alivyoomba kila siku, nguvu Baba, nguvu kidogo tu, nimfikishe kitandani, mengine nitajua mwenyewe. Alisubiri. Nje ng'ombe alianza kulia njaa. Akaomba tena, safari hii kwa ukali kidogo, maana alikuwa na madai: nani amefagia kanisa lako miaka yote hii, nani amepikia misiba yako? Hakuna kilichokuja. Saruji ilikuwa ya baridi, mvua ikaongezeka juu ya bati, na yeye akawa na hasira na Mungu hasira ya kweli, ya mtu aliyefanya kazi akanyimwa.

Halafu akasikia meno ya Aminieli yakigongana. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, na alikuwa akitetemeka upande mmoja tu, ule ulio hai. Eliaichi alivua kanga yake ya juu akamfunika kifuani, na hata hapo, mtakatifu huyu wetu mwenye kichwa kigumu, alikuwa bado anawaza nani anaweza kupita njiani ambaye haongei sana. Hakuna mtu wa namna hiyo Masama nzima. Alimwangalia mume wake. Ama avunje ahadi, ama amuue kwa kuitunza.

Akapiga ukunga.

Haukuwa mzuri. Ulitoka tumboni, ukakwaruza koo, ukapanda juu ya bati, na baada ya hapo akaita, "Baba Hellen! Baba Hellen jamani! Uwiii!" akawa hawezi tena kunyamaza. Yote aliyoyameza tangu ile wiki ya kwanza yalikuwa yakitoka.

Sasa, kijijini mwanamke akipiga ukunga asubuhi, kwenye nyumba yenye mgonjwa wa siku nyingi, akitaja jina la mume, haulizwi maswali. Victoria alikuwa anamenya ndizi. Aliuangusha mkungu, akashika kichwa, na kama desturi inavyotaka, kabla ya kwenda popote aliupokea ule ukunga akaupeleka mbele: "Aminieli ametutoka! Uwiii, Aminieli ametutokaaa!" Kwa sauti ile, waliokuwa kanisani juu walisikia. Na juu alikuwapo Mzee Ebenezeri, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kikundi cha kufa na kuzikana, mtu anayeringia kuwahi. Aliagiza kengele ipigwe papo hapo, akaenda mwenyewe kufungua stoo ya masufuria.

Chini sakafuni, wale wawili waliisikia kengele. Ilikuwa inapigwa polepole, pigo moja, kimya, pigo moja, kama inavyopigwa kwa msiba. Aminieli alisikiliza kwa makini.

"Nani... amekufa?" akauliza.

Eliaichi alimgeukia. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alitamani ardhi ipasuke.

"Wewe," akasema.

Waliofika kwanza walikuta mlango umekomewa, wakaanza kulia nje. Eliaichi aliita, "Hajafa! Ingieni, hajafa!" lakini Victoria alikuwa ameshaegemea mlango akilia kwa sauti kuliko yeye, akimsimulia Aminieli jinsi alivyokuwa mwema, jinsi alivyomletea koti kutoka mlimani, jinsi alivyofichwa miaka miwili kama mhalifu. Wanakwaya wakaanza wimbo wa kuaga. Turubai likashushwa uani. Hatimaye vijana wakapiga mlango kikumbo, komeo likaruka, na watu wakaingia kwa kishindo, masufuria mkononi, wakasimama ghafla.

Walimwona. Waliona yote: pampasi, mguu uliokonda, mate kwenye kidevu, na Eliaichi mwenye shoka lake amelala kifudifudi, kichwa wazi, kanga moja, uso umevimba kwa kulia. Aminieli aliwaangalia mmoja mmoja, akakumbuka kwamba hii ni nyumba yake.

"Karibuni," akasema.

Victoria alikaa chini pale pale alipokuwa, matako sakafuni, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Mzee Ebenezeri alivua kofia, akaivaa, akaivua. Halafu mikono ikaja. Wanaume wanne walimwinua Aminieli kwenye kiti, mtu akaleta blanketi, mwingine soksi. Wanawake walimgeuza Eliaichi chali, wakamwekea mkeka na mto, akapiga kelele, wakaomba radhi, wakamweka tena. Kijana mmoja akatumwa akatafute gari la kumpeleka mjini akapigwe picha mgongo, na gari likasemekana litakuja mchana.

Kisha Eliaichi akafanya alichozoea. Akiwa chali kwenye mkeka alianza kupanga kazi. "Majani ya chai yapo kwenye kopo la bluu. Mama Pamela, samahani, vikombe vya wageni ni vya juu. Nisaidieni nisimame niwatayarishie..." Na kweli akaweka kiwiko chini, akaanza kujiinua, uso unabadilika rangi.

"Mama Hellen," Aminieli akaita.

"Abee."

"Kichwa... kinauma?"

Wengine walidhani amechanganyikiwa. Lakini wanaume wawili watatu waliowahi kufanya kazi mlimani waliangalia chini. Hilo ndilo swali ambalo kiongozi humwuliza kila mgeni kila asubuhi huko juu, kujua kama mlima umeanza kumdhuru. Aminieli alikuwa akisema mgeni dhaifu hamsumbui kiongozi: analalamika mapema, anashushwa mapema, usiku anakula chakula chake. Wa kumwogopa ni yule mwenye nguvu, anayevimba uso na bado anasema yuko sawa, yuko sawa, mpaka anadondoka. Huyo ndiye anayeshuka amebebwa kwenye machela, na mara nyingine amefunikwa.

"Hakiumi," Eliaichi akajibu, mdomo ukiwa na mazoea yake. Aminieli aliendelea kumtazama kwa lile jicho lake moja linalofunguka vizuri. Chumba kizima kilikuwa kinasubiri, na kile kiwiko kikateleza, akalala tena chali.

"Mgongo," akasema. "Mgongo unauma, Baba Hellen. Tangu masika. Nimechoka. Nimechoka mpaka namchukia yule ng'ombe, hajanikosea kitu. Nimeomba nguvu leo hapa chini nikanyimwa." Alikuwa analia mbele ya watu aliowapikia misiba yao yote, na hakuwa na kanga ya kujifunikia uso. "Na wewe nilikuahidi hawatakuona. Nimeshindwa hata hilo."

Aminieli alianza kutafuta maneno. Mtu akataka kumsaidia, Mzee Ebenezeri akamzuia kwa mkono.

"Siku ile," Aminieli akasema. "Nilisema... siku ile."

"Ulisema wasikuone."

"Siku ile tu. Nimelowa. Kesho yake..." Alikwama, akapumua. "Kesho yake nikasubiri... ufungue. Hukufungua. Nikajua... unaona aibu. Mimi nimekuwa... aibu yako."

Miaka miwili Eliaichi alikuwa amesimama mlangoni kulinda heshima ya mtu ambaye, upande wa pili wa mlango huo huo, alikuwa anajiona amefichwa. Hakumwuliza hata siku moja. Aliogopa akimwuliza atamwumiza, na isitoshe hakukuwa na nafasi, kulikuwa na kazi.

"Mimi?" akasema. "Nikuonee aibu wewe?"

"Nawasikia," Aminieli akaendelea, kwani maneno yalikuwa yameshapata njia. "Dirishani. Nyimbo. Victoria... anapanda... juu mno."

Watu wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa na machozi mkononi hawajui wayapeleke wapi. Victoria alicheka kuliko wote. Alijikokota mpaka kwenye mkeka, akampangusa Eliaichi uso kwa upindo wa gauni lake, bila upole sana.

"Umenirudisha getini na sufuria langu," akamwambia. "Mimi uliyeniogesha. Nililia, ujue. Nilisema huyu ananiona sifai hata kushika kijiko."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe baadaye, sasa hivi nina hasira. Eti umeomba nguvu ukanyimwa. Mimi hapa kilo mia na zaidi, ulitaka nguvu gani nyingine?"

Ilibaki shida ya msiba. Mzee Ebenezeri alisimama mlangoni akiangalia uani, ambako turubai lilikuwa limeshafungwa kwenye migomba, maharage yapo motoni, na watu wanazidi kuteremka njiani na mikungu ya ndizi vichwani. Hakuna namna ya kupiga kengele kusema kwamba mtu hajafa. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp rambirambi zilikuwa zimeshafika mpaka kwa ndugu wa Rombo, na Hellen alikuwa kwenye basi, analia karibu na dereva. Walimpigia, wakamwekea baba yake simu sikioni. "Mimi... nipo," Aminieli akamwambia, na kule upande wa pili zikasikika kelele ambazo ziliwafanya abiria wenzake wote wamwulize nini.

"Vyakula hivi, Baba Hellen," Mzee Ebenezeri akasema kwa aibu, "tuvirudishe? Samahani sana, ndugu yangu. Tumewahi mno."

Aminieli alifikiri. Kona ya mdomo wake iliyo hai ikapanda.

"Pikeni," akasema. "Na mimi... nile."

Wakapika. Mvua ikakatika, na wanaume wakambeba Aminieli na kiti chake wakamweka barazani, blanketi magotini, na kila aliyefika akilia alimkuta pale, akapaliwa na kilio chake, akasalimiwa. Eliaichi walimhamishia chumba cha Hellen, kitanda kigumu, wakisubiri gari. Victoria alimvua viatu. Eliaichi alitaka kuuliza kama ng'ombe amepewa majani, akasikia ng'ombe amenyamaza.

Saa za mchana, gari likiwa bado halijafika, walimrudisha Aminieli ndani kupumzika. Ukuta ulikuwa mwembamba na Eliaichi alisikia kila kitu: Victoria akitoa amri, Mzee Ebenezeri akihema, kitanda kikilia. Walimlaza kwa ubavu wa kushoto, na saa hizo hulazwa kwa ubavu wa kulia. Mto mdogo waliuweka mgongoni, na mahali pake ni kati ya magoti, ngozi isiguse ngozi ikachubuka. Alijua kwa sauti tu. Aminieli alilalamika kidogo, wakasema pole, wakauhamisha mto, wakaukosea tena. Eliaichi alishika ukingo wa kitanda, akavuta pumzi ya kuwaita awaelekeze.

Akaitoa ile pumzi bila neno. Walikuwa bado wanahangaika na ule mto Eliaichi aliposinzia.